Anayelipa Ili Ashindwe

Katika mbio za pikipiki za klabu pale Brands Hatch, jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mshindi hapewi fedha. Anapewa kikombe kinachoenea kiganjani, mkewe anampiga picha, basi. Aliyemaliza wa ishirini na tatu anapewa karatasi yenye muda wa kila duru aliyozunguka, hadi sehemu ya elfu ya sekunde, ili asije akajidanganya. Wote wawili wamelipa ada ileile, wamemaliza matairi ya bei ileile, na Jumatatu asubuhi wote wako kazini: mmoja anaweka vigae, mwingine anafundisha hesabu sekondari. Leo nataka kumtetea huyu wa ishirini na tatu, maana nimechoka kusikia akiitwa mpumbavu.

Mashtaka dhidi yake nayajua kwa moyo. Mtu mzima mwenye watoto anatumia mshahara kukimbia mahali palepale alipoanzia. Bingwa hawezi kuwa, umri umepita. Akivunjika mfupa wa bega, mwajiri atamwangalia kwa jicho la pembeni. Na nyumbani kwetu swali la kwanza huwa moja tu: analipwa shilingi ngapi? Ajabu ni kwamba swali hilo hatumuulizi beki wa timu ya maveterani anayecheza kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa mchanga huku goti limefungwa bandeji. Yule tunamwona mwanamichezo. Huyu mwenye mashine tunamwona mtu aliyekosa kazi ya kufanya, kana kwamba injini ndiyo inayokimbia yenyewe na yeye amepanda kama abiria.

Nina jamaa yangu aliyezaliwa Tanga na sasa anatengeneza malori mashariki mwa London. Yeye ndiye aliyenivuta huko. Anashindana na Suzuki SV650, pikipiki ya silinda mbili ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1999 na ambayo watu wengi huinunua kwa kwenda kazini. Klabu iitwayo Bemsee, yaani British Motor Cycle Racing Club, ina daraja zima la mashine za namna hiyo. Kanuni za daraja hilo zinabana marekebisho unayoruhusiwa kufanya, kusudi mwenye fedha asije akanunua ushindi dukani. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1909. Ina umri mkubwa kuliko vilabu vingi vya mpira tunavyovishangilia nyumbani, na ingali inaendeshwa kwa ada za watu wanaojua fika kwamba hawatashinda.

Ijumaa jioni wanaingia na magari ya mizigo. Nyuma ya njia ya mbio kuna uwanja mpana uitwao padoki, na hapo kila mmoja anasimamisha turubai lake, anawasha jenereta, anapanga spana juu ya meza ya kukunja. Magurudumu yanavishwa mablanketi ya umeme yanayopasha tairi hadi kwenye nyuzi 80 hivi, kwa kuwa tairi la mbio likiwa baridi halishiki lami. Kuna watoto juu ya baiskeli, kuna soseji zinaungua, kuna mama mmoja anashona suti ya ngozi ya mwanawe iliyopasuka kiwikoni mwezi uliopita. Usingizi ni wa ndani ya gari, kati ya mapipa ya petroli na sanduku la vifaa.

Jumamosi asubuhi kuna foleni, nayo ndiyo sehemu ya wikiendi ninayoipenda kuliko mbio zenyewe. Ni foleni ya ukaguzi. Taa zimekwisha kung'olewa, vioo vya pembeni na stendi pia. Mkaguzi, mara nyingi mzee mstaafu mwenye tochi na miwani inayoning'inia shingoni, anachuchumaa kando ya kila mashine. Anatikisa gurudumu la mbele asikie kama beringi zina mchezo. Anabana breki. Anazungusha mkono wa mafuta na kuuachia, aone kama unarudi wenyewe. Kisha anatafuta waya. Bolti ya kumwagia oili chini ya injini, kifuniko cha kujazia, chujio: vyote lazima vifungwe kwa waya mwembamba wa chuma, uliosokotwa na kuvutwa upande wa kukazia, ili mtikisiko ukijaribu kulegeza bolti, waya ukatae. Chini ya injini kuna sinia la kudaka oili ikitokea injini imepasuka. Ndani ya rejeta panatakiwa maji matupu. Ile dawa ya rangi ya kijani inayozuia maji kuganda imepigwa marufuku, kwa sababu ikimwagika njiani haikauki upesi kama maji, na inateleza vibaya.

Tazama sasa kanuni hizo zinamlinda nani. Injini ikitema oili kwenye kona, mwenyewe mara nyingi keshapita, ingawa tairi lake la nyuma linaweza kumlipa palepale. Anayeanguka ni yule aliye nyuma yake, na yule wa nyuma ya huyo. Waya, sinia na maji ya rejeta ni kwa ajili ya mtu ambaye pengine humjui jina, na ambaye umekuja wikiendi nzima kwa nia ya kumshinda. Hakuna polisi aliyeandika sheria hizo. Waliziandika watu wa mchezo wenyewe, na nyingi kati yake zina ajali ya mtu nyuma yake.

Mgeni anavaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya suti yake ya ngozi, ili anayemkaribia kwa nyuma ajue kwamba huyu bado anajifunza na anaweza kufanya lolote. Anakivaa hadi atimize idadi ya mbio zilizotiwa saini na wasimamizi, katika viwanja mbalimbali. Nimewaona watu wa miaka hamsini, mameneja kazini kwao, wakitembea padoki na kizibao hicho bila aibu. Shingoni kila mshindani ana kisahani chenye jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Kisahani hicho hakuna anayekizungumzia.

Halafu ndiyo kona. Brands Hatch ina njia mbili, na mbio nyingi za klabu hutumia ile fupi ya kilomita 1.9 hivi. Kwa muda mrefu palikuwa mahali pa mbio za pikipiki kwenye nyasi. Lami iliwekwa mwaka 1950. Kona ya kwanza inaitwa Paddock Hill. Unaijia kwa kasi kubwa, inapinda kulia, na huoni mwisho wake, kwa kuwa ardhi inadondoka chini yako pale pale unapolala. Tumbo linapanda kifuani. Kisha bonde linakupokea, uzito wote unarudi kwenye magurudumu, na unatupwa kilimani kuelekea Druids, kona kali inayokurudisha ulikotoka. Baada yake ni mteremko, kushoto, njia fupi iliyonyooka, na ile kona ndefu ya kulia inayokurejesha mbele ya majukwaa. Kona moja imepewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa magari ya Formula 1.

Wataalamu wa ligi kuu ya Uingereza huimaliza duru hiyo kwa sekunde 45 hivi. Mwanamichezo wa ridhaa anayeimaliza kwa sekunde 55 amefanya kazi. Ukisikia tofauti ya sekunde kumi unaweza kudhani ni kidogo. Waweke pamoja: mtaalamu akimaliza duru ya 10, mwenzake ndiyo kwanza yuko ndani ya ya tisa. Naye analijua hilo. Amelipigia hesabu usiku, kwa kalamu, akitafuta wapi pa kupunguza nusu sekunde. Je, ni pale anapobana breki mapema kwa sababu ya woga? Au ni pale anapofungua mafuta akiwa amechelewa kwa kuwa macho yake yameganda kwenye kokoto za pembeni? Pikipiki huenda unakoangalia. Ukitazama kokoto utakwenda kwenye kokoto. Na ukitaka ilale kulia kwa kasi, unasukuma mbele usukani wa mkono wa kulia, jambo ambalo kila dereva wa boda boda hulifanya siku nzima bila kujua kwamba analifanya. Padoki wanakaa juu ya matairi yaliyochakaa wakijadili mambo hayo kama mafakihi, na anayefafanua vizuri zaidi aghalabu si yule wa kwanza, maana wa kwanza kajaliwa kipaji na hajawahi kujiuliza.

Bendera zinapeperushwa na watu wasiolipwa. Sitachoka kulisema hili. Wanasimama kwenye mvua ya Kent, wamevaa rangi ya chungwa, siku nzima, kwa chakula cha mchana na shukrani. Ya njano ikipungwa, kuna hatari, usimpite mtu. Ya njano yenye mistari myekundu, lami inateleza. Ya buluu, mpishe aliye mwepesi kuliko wewe. Nyekundu ikitoka, wote mnapunguza mwendo na kurudi. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi na hakuna jingine la kushika nafasi yake, mbio zinasimama. Unaweza kuwa ulikuwa unaongoza kwa mara ya kwanza maishani mwako, na hutamkuta mtu wa kumlalamikia.

Mbio zenyewe ni dakika chache tu. Jamaa yangu aliondoka mwishoni mwishoni, na kwa duru zote alikuwa katika vita na mtu mmoja kuhusu nafasi ambayo mtangazaji hakuitaja hata mara moja. Alimpita kilimani kabla ya Druids. Akarudishiwa kwenye kona ya Surtees. Akampita tena. Majukwaani watu walikuwa wanawatazama wa kwanza na wa pili. Mimi na mke wa yule mwingine, bibi mmoja mwenye chupa ya chai, tulikuwa tunapiga kelele kama fainali. Hapo ndipo nilipoona kwamba mbio ni nyingi ndani ya moja. Kila mtu anashindana na yule mwenye uwezo kama wake, popote walipo katika msururu, na ladha ya vita hiyo haitofautiani na ya mbele.

Alasiri aliteleza. Tairi la mbele lilimponyoka, akaburuzika hadi kwenye kokoto, akainuka mwenyewe. Wenko la breki lilikatika na bomba moja la usukani likapinda. Mtangazaji akauliza kwa kipaza sauti kama kuna mwenye vifaa hivyo. Aliyekuja navyo, akiwa na taa ya kichwani na spana mkononi, ni yule yule aliyekuwa akigombea naye nafasi. Walifanya kazi hadi saa tatu usiku, wakibishana kuhusu nani alimziba nani. Jumapili yule bwana akashindwa na jamaa yangu, kwa wenko lile lile alilomwazima. Mfadhili gani wa timu kubwa angeruhusu jambo hilo?

Wanaodharau watu wa wikiendi wamsome Beatrice Shilling. Alikuwa mhandisi katika taasisi ya ndege za kijeshi pale Farnborough, na Jumamosi alishindana na Norton yake huko Brooklands, njia iliyofunguliwa mwaka 1907 na kufungwa vita vilipoanza mwaka 1939. Klabu hii hii ya Bemsee ilikuwa ikitoa Nyota ya Dhahabu kwa yeyote aliyezunguka Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa katika mbio. Shilling aliipata mwaka 1934, kwa maili 106, yaani kilomita 170 hivi. Inasimuliwa kwamba mchumba wake, George Naylor, aliambiwa naye aipate kwanza ndipo wazungumze habari ya ndoa. Walioana mwaka 1938.

Vita vilipopamba moto, marubani wa Uingereza walikuwa na tatizo la kufa mtu. Ndege zao zenye injini ya Merlin zikiinamishwa ghafla, injini ilikohoa au kuzimika, kwa sababu mafuta ndani ya kabureta yalirushwa juu kisha yakafurika. Wajerumani injini zao zilinyunyiziwa mafuta moja kwa moja, kwa hiyo walikuwa wakichomoka kwa kupiga mbizi tu. Mwaka 1941 Shilling alileta kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa, cha kubana mafuta yasipite kupita kiasi, na akazunguka na kikosi kidogo kutoka kiwanja hadi kiwanja kukifunga. Sidai kwamba mbio ndizo zilizomfundisha. Alikuwa na shahada mbili za uhandisi kutoka Manchester. Lakini mtu aliyetumia miaka akihangaika na kabureta ya pikipiki yake kwa mikono yake mwenyewe hakuhitaji kuelezwa mafuta hufanya nini injini inapoyumbishwa.

Wanawake watatu tu waliipata Nyota ile ya Brooklands. Wawili wengine ni Florence Blenkiron na Theresa Wallach, na hawa wana uhusiano na bara letu. Desemba 1934 waliondoka London kwa pikipiki moja ya Panther yenye kiti cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakashuka Afrika yote, wakafika Cape Town Julai 1935. Hawakuwa wataalamu wa kulipwa. Walikuwa watu wa wikiendi ambao wikiendi yao ilizidi kurefuka.

Hatari ipo, na sitaifunika kwa maneno matamu. Watu hufa katika mbio za klabu. Wengi zaidi huvunjika mifupa ya bega, vifundo vya mikono, mbavu. Tiketi zenyewe huonya kwamba mchezo huu ni wa hatari. Bima nyingi za maisha hazitaki kusikia habari zako. Anayekwenda huko bila kumwambia mwenzi wake ukweli huo anastahili lawama, na nadhani wapo wengi. Ila hatari ile imepakwa rangi na kuwekewa uzio: wote wanaelekea upande mmoja, hakuna gari linalokuja mbele yako, hakuna mtoto anayevuka, hakuna shimo, na daktari yuko umbali wa dakika. Kasi ileile iondoe hapo uiweke barabara ya Morogoro saa mbili usiku, uone.

Na hapo ndipo wikiendi ya Kent inanirudisha nyumbani. Tunao vijana wanaoendesha pikipiki saa kumi na mbili kwa siku. Wengine wana vipaji ambavyo havijapimwa. Usiku wanang'oa sailensa za ekzosi na kushindana barabara kuu, polisi wanawafukuza kwa pikapu, mmoja anakufa, kesho yake kuna hotuba. Mbio halali tunazo, lakini ni za mavumbi: Nairobi kuna Jamhuri Park, Uganda kuna Garuga upande wa Entebbe, ambako watoto wadogo sana huruka matuta juu ya pikipiki za cc 50. Ni mchezo mzuri na nimeushangilia. Tatizo ni kwamba bei ya pikipiki mpya ya mtoto ya mashindano inaweza kununua boda boda mbili au zaidi. Dereva wa Tandale au wa Kayole anaingia pale kama mtazamaji, au kama fundi wa mtoto wa mwingine.

Njia ya lami haihitaji kuwa ya mabilioni. Baada ya Vita vya Pili Waingereza hawakuwa na fedha. Walichukua viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi, wakapanga marobota ya nyasi kavu, wakaanza. Silverstone ilizaliwa hivyo. Snetterton na Thruxton pia. Hata Kenya, miaka ya 1950, walowezi walikuwa wakishindana Langa Langa karibu na Gilgil, mwananchi akiwa nje ya uzio. Anayesema kwamba kumpa kijana wa boda boda njia ya mbio ni kumchochea, hajaeleza nani anamchochea sasa.

Nilimuuliza jamaa yangu angeanzia wapi kama angepewa kipande cha uwanja wa ndege uliolala na Jumapili moja. Nilidhani atataja bendera, au mashine ya kupima muda.

"Ukaguzi," akasema. "Wote foleni, tochi na geji mkononi. Nusu yao nawarudisha kwa sababu ya matairi, wengine breki za kufunga na mpira."

"Watakutukana."

"Watanitukana sana, ndugu yangu. Halafu Jumapili ya pili watakuja na matairi mapya, maana wenzao wamekimbia na wao wamekaa ukutani. Trafiki kawahubiria matairi miaka mingapi?"

Akaendelea kuhesabu: marobota ya nyasi, vizima moto, vizibao vya chungwa, mafundi wa kujitolea ambao alisema hawatakosekana. Kilichomkwamisha ni gari la wagonjwa na daktari wa siku nzima, vitu ghali kuliko vingine vyote, na bila hivyo asingekubali mtu hata awashe injini. Bili hiyo naipeleka kwa makampuni yanayotuuzia pikipiki kwa maelfu kila mwaka, ambayo mpaka sasa yanatoa kofia moja ya bure na kalenda.